Daftari la Dahabo

Dahabo alinipigia simu kutoka Habaswein kuniambia kwamba anamleta binti yake wa mwisho chuo kikuu hapa Garissa, na kwamba hatalala kwa mtu mwingine yeyote ila kwangu. Miaka ishirini na sita imepita tangu tuishi chumba kimoja, lakini sauti ilikuwa ileile, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Nikamwambia karibu, karibu sana, kisha nikaiweka simu mezani na kuhisi kitu kinanipanda kifuani. Nilikijua. Haikuwa furaha. Ulikuwa wivu, na nilichoshangaa ni kwamba haujazeeka hata kidogo, ilhali mimi mwenyewe magoti yangu siku hizi hayakunjuki bila kupakwa dawa. Wanawake wa rika langu husema wivu ni ugonjwa wa wasichana, kwamba mtu akishapata wajukuu moyo hutulia. Labda wao. Mimi nilikaa pale nikijiuliza amenenepa kiasi gani, ana watoto wangapi waliosoma, na kama bado anacheka kabla hajamaliza kusema kinachomchekesha. Siku tatu nzima nilisafisha nyumba iliyokuwa safi na kununua zulia nisilolihitaji, ili akiingia aone kwamba mimi pia nimefika mahali.

Mwaka ninaoukumbuka ni 1998, baada ya ile mvua kubwa iliyokata barabara na kuacha mizoga ya mbuzi kila upande wa mji. Mradi mmoja wa chanjo ya mifugo ulifungua ofisi hapa, nyumba ya vyumba vinne chini ya miarobaini, ukatuajiri sisi wawili siku moja: mimi niliyetoka Nairobi na cheti cha kompyuta nilichokitia plastiki kisiingie vumbi, na Dahabo wa Habaswein, aliyemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga taipu katika ofisi ya chifu. Msimamizi wetu, Bwana Muli, Mkamba mpole ambaye leso ya jasho haikutoka begani mwake, alitukalisha akatueleza bila kuzunguka. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Nafasi ya kudumu ni moja. Atakayebaki atapelekwa Nairobi kwa mafunzo, na atakayetoka atapewa barua nzuri. Alidhani anatutia moyo. Mimi nilivitazama viatu vya plastiki vya Dahabo, nikaiona ile nafasi tayari iko mkobani mwangu.

Kwa kuwa sote tulikuwa wageni wa mshahara, tulipanga chumba kimoja kwa Mama Kheyra, mjane aliyekaa upande wa pili wa ukuta wa mbao usiofika juu. Palikuwa na kitanda kimoja tulichopokezana kila wiki, mkeka, jerikani mbili za maji na dirisha dogo la mabati lililoegemezwa kijiti. Asubuhi Dahabo alipika anjera, mikate laini ya unga uliochachushwa, kwenye kikaango chake cheusi, tukazila na chai ya maziwa ya ngamia, na jioni wali au chochote. Mama yake alikuwa akimtumia kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika samli, na yeye aliniwekea kopo lile upande wangu wa mkeka, mdomo ukiwa wazi. Nilikula. Nataka ijulikane kwamba nilikula nyama ya mama yake mwaka mzima. Kati yetu tulisema Kisomali, naye aliniita abaayo, yaani dada, hata pale nilipokuwa simjibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachanjaji walirudi kutoka visimani na fomu, nasi tukamwingiza kila mfugaji katika kompyuta: jina lake, la baba yake, la babu yake, kisima anakonyweshea, wanyama wake na tarehe ya chanjo. Bwana Muli akitaka orodha fulani, tuliandika kweri, yaani swali ambalo mashine inalielewa, kwa maneno machache ya Kiingereza na alama zake: koma, alama za kunukuu, bano la kufungua na bano la kufunga. Alama moja ikikosekana, mashine haikujaribu kukuelewa kama mama anavyomwelewa mtoto anayejifunza kusema. Iliandika tu kwamba kuna kosa, ikanyamaza, na haikusema kosa liko wapi. Wiki ya kwanza Bwana Muli aliomba wafugaji wote wa visima viwili ambao hawajapata chanjo ya pili. Niliandika kweri ndefu, ya kupendeza, ikakataa. Nikaisoma tena na tena jinsi nilivyofundishwa chuoni, nikifuata maana, na maana ilikuwa sawasawa kabisa. Ikakataa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole.

Dahabo alivuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo na kuanza kusoma kwa sauti. Hakusoma maneno. Alisoma kama tulivyosomeshwa sote utotoni kwenye dugsi, chuo cha Kurani, pale ambapo kabla ya kuruhusiwa kutamka neno unataja kwanza kila herufi na alama yake, hii imepigwa juu, hii imepigwa chini, alif la kor dhabay, alif la hoos dhabay, kwa wimbo ule unaopanda na kushuka, na ukiruka alama moja fimbo ya mwalimu inakukumbusha. Kwa wimbo huohuo akataja kila kitu kilichokuwa kwenye kioo: bano limefunguliwa, alama ya kunukuu imefunguliwa, herufi moja moja, alama ya kunukuu imefungwa. Bwana Muli alitoka ofisini mwake kuangalia nani anasoma Kurani saa nne asubuhi. Dahabo akasimama kwenye mstari wa tatu na kumwambia kwa Kiswahili chake, "Bwana Muli, haba iko mabano mbili imefunguka, moja tu ndio imefungwa. Hii ingine bado iko wazi." Akabonyeza kitufe kimoja na orodha ikamwagika. Mimi nilikuwa nimesoma Nairobi, hakuna aliyewahi kunisikia nikisema "haba" badala ya "hapa", na kweri yangu ilikuwa imekataa.

Siku hiyo ndiyo wivu ulipoingia, na haukubisha hodi. Baadaye nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya ile nafasi moja, lakini si kweli, nafasi ilikuwa bado mbali. Niliumwa na jinsi alivyofanya bila haya. Nami nilisoma dugsi, nami niliujua wimbo ule, ila nilikuwa nimeuacha mlangoni pa chuo cha Nairobi pamoja na vitu vingine nilivyovionea aibu, na huyu wa Habaswein aliingia nao ofisini, ukamfaa. Ndani ya miezi mitatu Bwana Muli alikuwa akiita, "Dahabo, njoo unisomee," na madaktari wa mifugo waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni kumsikiliza. Kila alipopata kosa walisema mashallah. Kwetu mtu anaposifiwa lazima neno hilo litajwe, la sivyo sifa inageuka jicho na kumdhuru. Mimi nilikuwa nainama kutafuta karatasi chini ya meza. Alasiri moja, nimejilaza chumbani kwa sababu ya joto, nilimsikia Mama Kheyra upande wa pili wa mbao akimwambia jirani, "Huyu wa Nairobi, mwenzake akisifiwa, mdomo wake haufunguki." Jirani akauliza kama ni hasidi. "Sijui," Mama Kheyra akasema. "Lakini yule mwingine ningekuwa mama yake ningemtafutia chumba kingine." Tangu kesho yake nilikuwa wa kwanza kusema mashallah, tena kwa sauti, na neno lile jema likawa kama majivu mdomoni.

Kilichozidi kuniudhi ni kwamba hakunipa sababu. Mwezi wa Mei nilipanga wafugaji kwa jina la mwisho, kama nilivyofundishwa, nikisahau kwamba sisi hatuna jina la ukoo kama Wazungu, jina la mwisho ni la babu tu. Siku ya chanjo karani akaita "watu wa Hassan", wakasimama wazee wasiojuana, kila mmoja na babu yake Hassan, na wawili kati yao walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kisima. Dahabo aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaketi kwenye mashine, akairekebisha kweri, na Bwana Muli alipouliza nani alipanga ile ya kwanza, akasema, "Ni sisi." Mtu akikushinda kisha akakusitiri, amekushinda mara mbili. Ningependelea angenisema.

Alikuwa na daftari moja la jalada la buluu. Kila kweri aliiandika humo kwanza kwa kalamu, akaisoma kwa wimbo wake, ndipo akaichapa. Ilipofika Novemba tukaambiwa wageni wanakuja, maofisa kutoka Nairobi na Wazungu wawili waliotoa fedha za mradi, na kwamba wataonyeshwa jinsi tunavyoweza kupata orodha yoyote kwa dakika moja. Bwana Muli hakuficha kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua nani abaki. Siku mbili kabla, gari la wachanjaji likahitaji mwandishi wa kwenda Habaswein, na Dahabo, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa, akaomba kwenda. Nilimshangaa. Aliniwekea daftari mapajani. "Kweri ya wageni iko ukurasa wa mwisho," akasema. "Nimeisoma mara tatu. Wewe chapa tu, abaayo." Neno "chapa tu" lilinichoma mpaka leo nalisikia, ingawa najua hakuwa na nia mbaya.

Wageni walijaa chumba, tukaketi magoti yakigusana, feni ikisukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule. Nikachapa haraka, kichwa juu, kama mpiga taipu wa Nairobi. Nikabonyeza. Kosa. Nikajaribu tena, kosa. Mzungu mmoja akaangalia saa. Bwana Muli akainama karibu na sikio langu, akauliza polepole, "Shamsa, ndivyo Dahabo alivyoandika?" Daftari lilikuwa limefunguka mbele yangu na jicho langu likaanguka palepale: mwisho wa mstari wa nne kulikuwa na bano la kufunga, limeandikwa vizuri kwa wino wa buluu. Yeye aliliandika. Mimi ndiye niliyeliruka. Nikafunga daftari. "Ndivyo," nikasema. Kisha, kwa kuwa sikuthubutu kwenda moja kwa moja penye kosa, nikaweka kidole kwenye kioo na kuanza kusoma kwa wimbo wa dugsi mbele ya watu wote, bano limefunguliwa, alama ya kunukuu imefunguliwa, nikashuka hadi mstari wa nne, nikasimama, nikaweka kilichokosekana. Printa ikaanza kupiga kelele na karatasi kutoka. Walinipigia makofi. Mama wa Kizungu akauliza njia hiyo ya kusoma nimeitoa wapi, na Bwana Muli akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa. Nikasema nimeibuni mwenyewe.

Uongo ungeishia hapo pengine ningeweza kuubeba. Lakini wageni walipoondoka Bwana Muli akasema, bila ukali, kwamba Dahabo akirudi wataliangalia daftari pamoja, ili ajue alipopotea. Saa saba, wote wamekwenda kula, nikatoa wembe kwenye droo, ule tuliotumia kukwangua wino kwenye fomu, nikalikwangua lile bano. Nililikwangua kwa subira, kidogo kidogo, karatasi isitoboke, kisha nikalainisha pale kwa ukucha. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka ishirini na sita na sijaona mwisho wake.

Dahabo alirudi Alhamisi na kopo jipya la nyirinyiri. Hata hakuwa ameketi Bwana Muli alipofungua daftari mbele yake. Akasoma kwa wimbo wake, mimi nikijifanya nahesabu fomu. Mstari wa nne akasimama. Kidole chake kilikaa pale kwa muda mrefu, kwenye karatasi niliyoilainisha. "Wallahi nimesahau," akasema. "Bole sana, Bwana Muli. Nilisoma mara tatu na nimesahau." Kisha akanigeukia na kusema Kisomali, "Abaayo, nimekuaibisha mbele ya wageni. Nisamehe." Nikamwambia si kitu. Nilisema hivyo, si kitu, na jioni tukala nyama ya mama yake kutoka kopo moja. Baada ya hapo aliacha kusoma kwa sauti. Akiandika kweri ananiletea niiangalie, akisimama nyuma yangu kama mwanafunzi. Ndicho nilichokitamani tangu Januari, na nilipokipata nikaona bado namwonea wivu, kwa sababu alilia siku moja tu, mbele ya Mama Kheyra bila kujificha, na kesho yake akawa anacheka tena, ilhali mimi niliyeshinda nilikuwa siwezi kumaliza sahani ya wali. Desemba nafasi ikawa yangu. "Chanda chema huvikwa pete," Bwana Muli aliniambia akinipa barua. Dahabo alinifungia nguo zangu za safari ya Nairobi kwa mikono yake, akapanda lori kurudi kwao.

Nimefanya kazi ya kompyuta katika ofisi tatu tangu hapo, na kila kweri iliyokataa nimeitengeneza kwa wimbo ule, kimyakimya, midomo imefungwa. Nilisikia kwamba yeye ameolewa, amefungua duka la dawa za mifugo, kisha la pili. Kila habari njema yake ilinifikia kama deni. Basi wiki iliyopita akashuka mlangoni kwangu, mnene, mzuri, akinukia uvumba, na binti yake Ifrah amebeba mabegi. Nilipika wali na nyama ya mbuzi. Tulipokuwa tunakula, Dahabo akaanza kumsimulia Ifrah habari za mwaka ule, na kwa masikio yangu nikamsikia akisimulia kosa lake. "Kweri niliisoma mara tatu na nikasahau alama moja," akasema, akicheka kabla ya kufika mwisho. "Tangu siku hiyo sitii sahihi kwenye karatasi mpaka niisome herufi kwa herufi. Tajiri mmoja wa Mandera aliniletea mkataba wa kuniibia duka, nikaukuta wizi wake mstari wa mwisho. Kama si lile kosa, leo tusingekuwa na kitu." Ifrah akasema mashallah. Hata uongo wangu umemfaa yeye kuliko ulivyonifaa mimi.

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kukiri, nikijipangia maneno ya toba. Sikutubu. Naandika ukweli kwa kuwa nimechoka na kinyume chake: nilisema kwa sababu sikuweza kuvumilia aondoke na faida ya uongo wangu pia. "Dahabo," nikasema, "hukusahau. Bano lilikuwepo kwenye daftari. Mimi ndiye niliyeliruka, na wageni walipoondoka nikalikwangua kwa wembe."

Ifrah aliinamia sahani yake. Dahabo akafuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulitaka nafasi," akasema.

"Nafasi ilikuja baadaye. Nilikuonea wivu tangu siku ya kwanza uliponisomea."

"Na sasa?"

"Hata sasa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei. "Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani nimekuvunjia heshima mbele ya wale watu, na wewe ukaninyamazia kwa wema wako. Kila alfajiri nikimaliza kuswali nimekuwa nikikuombea, Shamsa, kwa jina lako na la mama yako, kabla hata ya kuwaombea watoto wangu. Nikisema, Mola, mlipe mema kwa aibu niliyomletea. Huyu Ifrah amekua akilisikia jina lako kwenye dua akidhani wewe ni marehemu."

"Sikujua," nikasema.

"Miaka ishirini na sita." Akaweka kitambaa kando ya sahani. "Basi dua zangu nirudishie."

Nilimtazama nikingoja acheke, kwa maana yeye ni mtu wa kucheka. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza kule msikitini. Akainuka, akamwita Ifrah, wakatandika mswala kwenye zulia langu jipya na kusimama bega kwa bega, na hakugeuka kuniita.